Picha ya ukutani: Mama mdogo aliikataa ile niliyoipenda

Sebule zetu za kanda hii zinafanana sana. Ingia nyumba ya Shinyanga mjini, Kahama au Geita, utakuta makochi yamefunikwa vitambaa, kalenda ya duka la pembejeo, runinga, na juu ya runinga picha kubwa yenye kioo. Ndani ya kioo kuna maporomoko ya maji ya nchi tusiyoijua, au farasi weupe wanakimbia ufukweni, au kikapu cha zabibu na matufaha, au jiji la maghorofa limewaka taa usiku. Machinga huzitembeza begani na bei ni ya kupatana. Sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe nimekulia chini ya nyumba ya mbao iliyozungukwa na theluji, na hadi darasa la pili niliamini ndiko babu alikotokea kabla ya kuhamia Shinyanga.

Siku hizi mzazi ana njia nyingine. Simu ya mkononi imejaa picha, studio za Mwanza, Kahama na Geita zina mashine za kuchapa picha kubwa, na ukishalipa kwa simu mzigo unakuja kwa basi ukiwa umefungwa kwenye boksi. Kwa hiyo swali si tena machinga amebeba nini leo. Swali ni wewe unataka wanao waangalie nini kila siku wanapokula ugali, na hapo ndipo nimeona watu wengi wanakwama, wanarudi kwenye farasi.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Naandika chanjo, malaria, kifua kikuu, na kwa sababu ya mahali tulipo, naandika sana kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu. Fremu na kadi za picha si mambo yangu. Yaliniingia kwa sababu ya mama mdogo wangu anayeishi Katoro.

Mume wake, baba mdogo, alifanya kazi machimboni upande wa Nyarugusu kwa miaka mingi. Alianza kwenye duara, akaishia kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe. Alikohoa, akatibiwa kifua kikuu, akamaliza dozi, pumzi haikurudi. Alifariki mwaka 2022. Siku ya mazishi ikatafutwa picha ya kuweka mbele ya jeneza na haikupatikana yoyote zaidi ya ile ya kitambulisho cha mpiga kura. Ikakuzwa haraka haraka. Ukishakuza picha ya ukubwa wa kidole gumba mpaka iwe ya kuonekana na waombolezaji wote, unapata uso uliotawanyika, macho yameduwaa kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Baada ya tanga, picha hiyo ndiyo iliyopanda ukutani.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajafikisha mwaka. Sasa anaongea vizuri tu, na ile picha anaiita "yule mtu". Dada zake wakimwambia ni baba, anaitikia kwa adabu, kesho anarudia: yule mtu.

Mama mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, wewe huko kazini una watu wa kamera. Nitafutie picha ya baba yako ambayo huyu mtoto akiiangalia ataona mtu wa kwetu."

Simu ya baba mdogo iliuzwa wakati wa ugonjwa, na kila kilichokuwemo kilikwenda nayo. Mzazi unayesoma hapa kwenye simu, simama kidogo uhesabu picha zako zilizo kwenye karatasi. Nilianza kuwaomba watu waliofanya naye kazi. Kwa siku kadhaa zilikuja picha 11. Nyingi alikuwa nyuma ya wenzake, au nusu bega.

Moja ilinisimamisha. Amesimama kwenye banda la karasha, alasiri. Jua linapita kwenye matundu ya mabati na kila mstari wa mwanga unaonekana kama kamba, kwa sababu hewa imejaa vumbi. Yeye mweupe kuanzia nywele hadi ndala, ameshika koleo, anacheka meno yote nje. Aliyeipiga alikuwa na simu nzuri na alinitumia faili yenyewe, haijapunguzwa. Nikaona tayari: nyeusi na nyeupe, ukubwa wa A2, fremu nyembamba nyeusi. Picha ya namna hiyo ukiikuta kwenye ukumbi wa maonyesho utaambiwa ni sanaa, na ni kweli.

Mama mdogo aliitazama muda mrefu kwenye simu yangu, akanirudishia.

"Hilo vumbi ndilo lililomla. Unataka nikiamka nilikute ukutani linanisubiri?"

Nikamwambia kwamba anacheka, kwamba hakuna nyingine anayocheka hivyo. Akasema anajua alivyokuwa anacheka, hahitaji kuonyeshwa.

Hapa niseme kama mwandishi wa afya, kwa sababu mama mdogo alikuwa anasema jambo la kitabibu bila kutumia maneno yake. Mawe yenye dhahabu yakisagwa makavu hutoa vumbi la silika. Chembe zake ndogo kabisa huzioni, na ndizo zinazofika chini ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuyafuta makovu hayo, na mwenye mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Kumwagia maji mawe yanaposagwa hupunguza vumbi sana. Mwanga ule mzuri uliopita kwenye matundu ya mabati ulionekana mzuri kwa sababu hakuna aliyemwaga maji siku ile. Mimi niliona miale. Yeye aliona ripoti ya daktari.

Mabishano yetu yalinikumbusha picha nyingine, ya mbali, ambayo watu wa kazi yangu huifahamu. Mwaka 1971, katika mji wa Minamata nchini Japani, mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith alimpiga picha mama akimwogesha binti yake Tomoko. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kimemwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, watu wakala samaki, na Tomoko alizaliwa akiwa ameshadhurika tumboni mwa mama yake. Jarida la Life liliichapisha mwaka 1972, dunia ikaiona, na ilisaidia sana watu kuelewa zebaki inafanya nini. Tomoko alifariki mwaka 1977 akiwa na miaka 21. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi wake waliomba mtoto wao aachwe apumzike. Aileen Smith, aliyewahi kuwa mke wa mpiga picha na ndiye aliyekuwa na haki ya picha ile, alikubali, na kwa miaka mingi hakutoa ruhusa ichapishwe upya.

Jina la mji huo ndilo lililopewa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa hiyo jambo hili si la mbali kama linavyosikika. Kwenye mialo yetu zebaki haiji kwa samaki kwanza. Inakuja kwa mvuke, pale mtu anapochoma ule mkusanyiko wa dhahabu na zebaki ili ibaki dhahabu, mara nyingine kwenye jiko lile lile la nyumbani. Na wapiga picha wanaokuja Geita hupenda sana mialo. Maji ya rangi ya matope, wanawake wameinama na makarai, mtoto mgongoni, jua la saa 11 jioni. Zinatoka picha nzuri kweli, na baadhi zinauzwa kama mapambo ya nyumba na ofisi.

Msimamo wangu juu ya hizo ni mkali kidogo, na wenzangu wawili watatu hatukubaliani. Gazetini picha ile ina kazi: inaonyesha hatari, ina maelezo chini yake, na sisi tunalazimika kumwomba mama yule ruhusa na kumweleza itatumika wapi. Kwenye sebule yangu haina kazi hiyo. Huwezi kula chakula cha usiku miaka 10 chini ya mtoto wa mwenzako anayevuta mvuke wa zebaki, ukaita rangi za machweo. Ukiwa unataka mchimbaji ukutani, awe mtu wako unayemjua kwa jina, na wa nyumbani kwake wawe wamekubali.

Turudi Katoro. Picha aliyoichagua mama mdogo mimi ningeipita bila kusimama. Baba mdogo yuko nje ya nyumba yao, kando ya baiskeli. Amevaa shati la mistari. Binti mkubwa, wakati huo mdogo, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na yeye ameweka mkono mgongoni kwake asidondoke. Hacheki hasa, ila ametulia. Mama mdogo alisema, "Huyu ndiye aliyekuwa anarudi jioni."

Shida ilikuwa kwamba picha hiyo imezunguka WhatsApp hadi imechoka. Nilipoifungua ilikuwa na pikseli 1,280 kwa 960 tu. Ngoja nieleze hili polepole, kwa sababu ndipo hela za watu wengi hupotelea. Picha ikichapwa, pikseli zinasambazwa kwenye karatasi. Zikiwa nyingi kwenye kila inchi, uso unakuwa mkali. Zikiwa chache, unakuwa kama umepakwa kwa sifongo. Pikseli 300 kwa inchi ndicho kiwango cha picha ya kushika mkononi. Ya ukutani, inayotazamwa kutoka kwenye kochi, 150 hadi 200 zinatosha. Picha kamili ya simu yenye kamera ya megapikseli 12 ina takribani pikseli 4,000 kwa 3,000, hivyo A3 inaibeba bila wasiwasi. Ile ya baiskeli ukiipeleka A2 ingebaki na pikseli kama 55 kwa inchi. Tungerudi kwenye "yule mtu".

Suluhisho nililipata kwa mzee mmoja wa fremu. Aliniambia picha ndogo usiipanulie, ipanulie nafasi. Tukaichapa kwa inchi 5 kwa 7, yaani sentimita 13 kwa 18 hivi, ambapo ilibaki na pikseli zaidi ya 180 kwa inchi. Kisha ikawekwa katikati ya kadi nyeupe nene iliyokatwa dirisha, ndani ya fremu ya A4. Ukutani inaonekana kubwa na ya heshima, na ukisogea karibu uso uko mzima. Fremu, kadi na uchapaji vyote havikufika bei ya kilo mbili za nyama.

Lakini haikuwa safari moja. Studio ya kwanza tuliyoipelekea ilimng'arisha. Hawakuulizwa. Walimlainisha ngozi, wakamwongezea weupe, wakamwondolea mistari ya paji la uso, wakadhani wametupa zawadi. Mama mdogo alipoipokea akauliza, "Huyu ni ndugu yake yupi?" Tangu hapo nikituma picha naandika kwa herufi kubwa: MSIMNG'ARISHE, MSIMLAINISHE, REKEBISHENI MWANGA TU. Na naomba wanitumie kwanza ya kuangalia kwenye simu kabla ya kuchapa. Wengine hukasirika. Waache wakasirike.

Kuhusu kutuma: ukiambatisha picha WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, hata kama kwako inaonekana safi. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, au ipeleke kwenye kadi ya kumbukumbu. Picha ya skrini usiitume kabisa. Uliza pia wanachapa kwa wino gani. Wino wa pigimenti hustahimili mwanga kuliko ule wa maji wa mashine nyingi ndogo, na mwenye studio asiyejua anatumia upi amekwisha kukujibu. Chagua karatasi isiyong'aa kama sebule ina dirisha mkabala, maana juu ya karatasi ing'aayo na kioo utaona dirisha, hutaona baba.

Ukuta nao una mambo yake. Jua la magharibi linafuta rangi, tena bila haraka, unashtukia mwaka wa tatu watu wote wamekuwa wa kijivu. Picha isigusane na kioo moja kwa moja, kwani masika ikipata unyevu itaganda na hutaitoa bila kuichana. Ile kadi ya dirisha huacha nafasi. Nyuma ya fremu, kwa nyumba za tofali za udongo, bandika vipande vidogo vya ndala kuukuu kwenye kona ili hewa ipite. Mchwa wa Shinyanga hula ubao wa nyuma wakaiacha picha inaning'inia kwenye kioo, mimi nimeona. Na juu ya kitanda cha mtoto usitundike kioo cha kawaida, tumia cha plastiki.

Sasa kama huna msiba wala kumbukumbu ya kuokoa, unataka tu sebule ipendeze? Bado nakushauri uangalie karibu kabla ya kwenda kwenye theluji. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa, miti imeisha, mpaka mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliporudisha ngitili zetu. Picha ya ngitili ya kijiji chenu asubuhi, mihale imesimama kwenye ukungu, ina hadithi ambayo babu anaweza kumsimulia mjukuu akiwa amenyoosha kidole. Nina rafiki wa Sengerema ambaye ukutani ana kivuko cha Kigongo–Busisi, watu, mbuzi na mabasi wamebanana, picha aliyoipiga mwenyewe. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 wageni wote husimama mbele yake na kila mmoja ana kisa cha foleni. Farasi wa ufukweni hajawahi kumfanya mgeni yeyote aongee.

Ukipenda picha ya mpiga picha mwingine, mtafute umlipe. Kuipakua mtandaoni na kuipeleka studio ni kuchukua mali ya mtu; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha pia. Vijana wengi wa Mwanza wanaopiga mawe ya ziwani, pamoja na lile la Bismarck, watakuuzia faili kamili kwa bei ya maelewano, na watafurahi kuulizwa.

Na wale wanaoniambia picha ya familia si sanaa, ni picha tu, ningependa wafike Zanzibar, kwenye Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Watalii huingia humo kununua nakala za picha za zamani za Zanzibar na watu wake. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Wateja wake walikuwa makarani, washonaji, akina mama na watoto wao, waliovaa vizuri wakaja kupigwa picha ya kumtumia ndugu au kuweka nyumbani. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Mwenzake wa mji huo huo, Malick Sidibé, alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007 kwa kazi ya maisha yake. Wateja wao hawakuagiza sanaa. Waliagiza wao wenyewe, walivyopenda kuonekana, na hicho ndicho mama mdogo alichokuwa ananiambia siku ile aliponirudishia simu.

Picha ya baiskeli imetundikwa chini kidogo kuliko kawaida, usawa wa macho ya mtoto aliyesimama. Mama mdogo alitaka hivyo, mimi nilishika tu msumari. Wiki ya kwanza yule mdogo hakumtaja baba. Alichouliza ni kwa nini dada alipandishwa baiskeli na yeye hakupandishwa, akanuna hadi jioni.

Ile ya karasha ninayo. Nilimwuliza mama mdogo kama niifute. Akafikiri, akasema niichape ndogo, niifunge kwenye bahasha, akiba ya watoto wakikua, wao wataamua. Nimeandika nyuma kwa penseli jina la mahali, mwaka, na jina la aliyeipiga. Binti mkubwa naye amesikia habari za fremu na ameagiza ya kwake, yeye na mama yake wamesimama shambani kwenye mpunga. Studio wameahidi Ijumaa, kwa basi la jioni.